Kisa cha binti wa Likoni na chuo kisicho na karo Ujerumani

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwishoni mwa mwaka 2023, akapata B+, na akapangiwa nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Kenya. Kati ya Agosti na Septemba 2024 familia yetu ililazimika kuamua kama aichukue nafasi hiyo au aiache, aendelee na lugha ya Kijerumani aliyokuwa ameanza kujifunza, kisha aende Ujerumani, ambako kila aliyemsikia akitaja safari alimhakikishia kwamba elimu ya chuo kikuu ni bure. Dada yangu ameniruhusu kukieleza kisa hiki kwa sharti kwamba asitajwe yeye wala mwanawe, na nimekubali, kwa sababu majina hayaongezi chochote kwenye hesabu, na hesabu ndiyo ninayotaka isomwe kwa makini na mzazi mwingine aliye mahali tulipokuwa sisi.

Dada yangu ni mjane na msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli ya Diani. Ana watoto watatu, nyumba ya vyumba vinne Likoni, ambapo viwili amevipangisha, na shamba la ekari moja na nusu huko Matuga alilorithi kwa marehemu mumewe. Barua ya ufadhili ilipokuja, binti alikuwa amewekwa bendi ya tano, iliyo ya juu kabisa, yaani kundi la familia zinazohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kulipa. Kwa mgao uliokuwa ukitumika wakati huo, mwanafunzi wa bendi hiyo alipewa asilimia 30 ya gharama ya kozi kama ufadhili usiorudishwa, asilimia 30 kama mkopo, na asilimia 40 iliyobaki ikaachiwa nyumba yake. Familia ilikata rufaa, na bendi haikubadilika. Nalitaja jambo hili bila kulirefusha, maana hata walioliona kuwa kosa walikuwa bado na mtoto wa kumpeleka chuoni mwezi uliofuata.

Msomaji aliyesoma zamani atashangaa kwa nini jambo hili lilitutikisa. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyechaguliwa na serikali katika chuo cha umma alilipa shilingi 16,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mzazi wa mshahara mdogo angeweza kukitafuta kwenye chama au kwa kuuza mbuzi wawili. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 uliweka mbele ya mzazi gharama kamili ya kila kozi, na katika kozi ya udaktari gharama hiyo ilipita shilingi 600,000 kwa mwaka. Kozi ya mpwa wangu ilikuwa karibu shilingi 350,000 kwa mwaka, hivyo fungu la nyumba likawa shilingi 140,000, kabla ya chumba, chakula na nauli. Binti aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema neno ambalo mama yake alilirudia kwangu kwenye simu akiwa na uchungu: "Huko wananihesabu mwanafunzi, mama. Hapa wananihesabu bendi."

Neno hilo lina uzito wake, na sitaki kulipuuza. Anayekwenda ng'ambo kukwepa karo hakimbii shilingi peke yake. Mara nyingi anakimbia pia hisia ya kupimwa na kuonekana anacho asichonacho. Hata hivyo Ujerumani nako humpima mtu kabla ya kumpokea, kwa kipimo kingine, na kipimo hicho ndicho kiini cha kisa hiki.

Kwanza nieleze kwa nini Ujerumani ni bure, kwa kuwa wengi hudhani ni ukarimu wa tangu jadi usioguswa. Karo za jumla zilikuwa zimezuiwa na sheria hadi Januari 2005, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipotengua zuio hilo kwa hoja kwamba elimu ya juu ni mamlaka ya majimbo. Majimbo kadhaa ya magharibi yakaanzisha karo ya hadi euro 500 kwa muhula. Wanafunzi waliandamana, wapiga kura wakachukia, na jimbo moja baada ya jingine likarudi nyuma: Hesse mwaka 2008, Bavaria 2013, na Lower Saxony ikawa ya mwisho mwaka 2014. Kwa hiyo kutokuwapo kwa karo ni uamuzi wa kisiasa uliopiganiwa, na kinachoamuliwa kisiasa kinaweza kuamuliwa upya. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo kikuu cha ufundi cha München, ambacho mpwa wangu alikuwa amebandika picha yake juu ya kitanda, kilianza karo zake kwa wanafunzi wapya wa nje ya Umoja huo katika muhula wa baridi wa 2024. Aliligundua hilo mwenyewe kwenye simu, usiku, na picha ikabanduliwa. Vyuo vingi vya umma vimebaki bila karo, mwanafunzi akilipa tu mchango wa muhula ambao kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 350. Lakini anayeanza leo kujifunza lugha atafika huko baada ya miaka miwili, na afadhali ajue kwamba anaelekea kwenye kitu kinachoweza kusogea.

Sasa nije kwenye daftari. Dada yangu aliandika hesabu zote katika daftari la shule la kurasa 96, safu ya kushoto Kenya, safu ya kulia Ujerumani. Upande wa Kenya, kwenye mstari wa karo, aliandika 350,000 na chini yake mgawanyo wa bendi. Upande wa Ujerumani, mstari huohuo, aliandika sifuri na kuizungushia duara. Nilipoliona duara lile nilielewa kwamba kosa lilikuwa limeanzia hapo: alikuwa amelinganisha karo na karo, na kwa ulinganisho huo Ujerumani ingeshinda hata kama safari ingegharimu nyumba.

Tulianza upya kwa kuhesabu mwaka mzima badala ya karo. Mwanafunzi wa kutoka Kenya hapewi viza kabla ya kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu kwa mwaka wa kwanza, na njia iliyozoeleka ni akaunti ya zuio, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Fedha zote huwekwa kabla ya viza, zikafungwa, na baada ya kufika mwanafunzi hupewa fungu moja tu kila mwezi. Mwezi Agosti kiwango kilikuwa euro 11,208 na dada yangu alikuwa amekiandika. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 kikapanda hadi euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Katika daftari lile tarakimu ya kwanza imekatwa kwa kalamu nyekundu na ya pili imeandikwa juu yake kwa mkono uliobonyeza sana. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa euro, ambacho alikizidisha kidogo makusudi ili asishtukizwe na soko, nyongeza ile peke yake ilikuwa shilingi 104,400, nayo ilitokea katika wiki tuliyokuwa tukijadiliana.

Euro 11,904 ni shilingi 1,785,600. Tukaongeza masomo ya Kijerumani hadi kiwango cha B2, hatua ya nne kati ya sita za kupima lugha, masomo ambayo kwa bei za shule ndogo aliyosoma mjini Mombasa yangefika shilingi 180,000 pamoja na mitihani. Euro 75 za kupitisha maombi kwenye uni-assist, shirika linalokagua vyeti vya kigeni kwa niaba ya vyuo. Euro 75 za viza. Na tiketi ya ndege tuliyoikadiria kwa shilingi 95,000. Jumla ikawa shilingi 2,083,100 kabla binti hajakanyaga darasa.

Upande wa Kenya tukafanya vivyo hivyo. Uhandisi ni miaka mitano. Fungu la nyumba, 140,000 mara tano, ni 700,000. Chumba na chakula kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, kwa miezi tisa ya masomo kila mwaka, ni 675,000 kwa miaka yote mitano. Mkopo wa asilimia 30 ya karo ungefika 525,000, na ni deni, kwa hiyo tuliuhesabu kama gharama. Jumla ni shilingi 1,900,000. Dada yangu aliweka kalamu chini akanitazama kama mtu aliyeongopewa, kwa maana shahada nzima ya nyumbani, pamoja na deni lake, ilikuwa ndogo kuliko fedha za kuuanza mwaka wa kwanza katika nchi ambayo chuo ni bure.

Hapa naomba msomaji asikimbilie kusema kwamba Ujerumani basi ni ghali kuliko Kenya, maana hilo pia si kweli. Fedha za Sperrkonto si karo na hakuna anayezichukua. Ni chakula, kodi na bima ya mwanafunzi mwenyewe, na akinyimwa viza hurudishiwa. Zaidi ya hayo, tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara mwaka huo kilikuwa euro 12.41 kwa saa. Anayezitumia siku zote 140 kwa saa nane kila siku hupata karibu euro 13,900 kabla ya makato, ambazo zinapita mahitaji ya mwaka. Kwa hesabu ya karatasi, basi, familia ingehitaji kugharimia mwaka mmoja tu, na mingine binti angejigharimia mwenyewe, jambo ambalo mwanafunzi wa uhandisi nchini Kenya hawezi hata kuliota.

Mashaka yangu yako kwenye muda. Cheti cha KCSE peke yake hakimwingizi mtu moja kwa moja katika shahada ya kwanza ya chuo cha Ujerumani. Hupitia Studienkolleg, chuo cha maandalizi cha mihula miwili ambacho huingiwa kwa mtihani wa lugha na, kwa wanaoelekea uhandisi, wa hisabati, kisha humalizika kwa mtihani unaoitwa Feststellungsprüfung, ambao aliyeanguka huruhusiwa kuurudia mara moja tu. Masomo yake huchukua takriban saa 30 kwa wiki, yote kwa Kijerumani. Mwaka huohuo ambao familia imeulipia kwa jasho ndio mwaka ambao mwanafunzi hapaswi kufanya kazi nyingi, kwa sababu akianguka mtihani ule safari nzima inaweza kuishia hapo. Na mwaka ukiisha, anapokwenda kuongeza muda wa kibali cha ukaazi, anatakiwa kuthibitisha tena kwamba anazo fedha za kujikimu. Ukijumlisha miezi kumi na minane ya lugha, mwaka wa Studienkolleg na miaka mitatu na nusu ya shahada, tena bila kurudia somo lolote, umefika miaka sita. Wenzake waliobaki wangekuwa wahandisi tayari.

Kulikuwa na njia mbili za kuepuka kufungia fedha zile, na zote zilijaribiwa. Ya kwanza ilikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliyeolewa na Mjerumani aliyekutana naye Mtwapa na ambaye sasa anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee karibu na Kassel. Sheria inamruhusu mkaazi wa Ujerumani kutia saini Verpflichtungserklärung, tamko la kumdhamini mgeni mbele ya ofisi ya wageni, nalo hukubaliwa badala ya akaunti ya zuio. Ofisi hukagua kwanza mshahara wa mdhamini, na saini humfunga kwa miaka mitano: binti akishindwa kulipa kodi, akiugua bila bima, akihitaji msaada wa serikali, gharama zitakazobebwa na serikali zinadaiwa kwa mdhamini. Shangazi aliuliza kazini kwake, akauliza ofisini, akapiga simu usiku wa siku tatu mfululizo. Mwishowe alisema kwa upole kwamba mshahara wake hautoshi kwa ukaguzi ule, na kwamba hata ungetosha, ana mtoto wake wa kiume anayesoma. "Chumba kipo, chakula kipo," alisema. "Saini ndiyo siwezi." Kuna jamaa waliomlaumu. Mimi nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku zote, kwa sababu aliijua saini kabla ya kuitia, na chumba alichokitoa kina thamani ya mamia ya euro kila mwezi.

Njia ya pili aliileta wakala mmoja wa Mombasa, ambaye sitamtaja. Alitaka shilingi 350,000 za huduma, akaahidi barua ya kukubaliwa, na kuhusu Sperrkonto akasema wasihangaike, yeye ana watu wanaokopesha fedha hizo. Mkopo ungerudishwa kwa euro 600 kila mwezi kwa miezi 24. Barua aliyotuonyesha ilikuwa ya Studienkolleg ya kibinafsi, si ya umma, na chuo cha namna hiyo hutoza maelfu ya euro kwa mwaka, jambo ambalo halikuwa limetamkwa hata mara moja katika mazungumzo ya elimu ya bure.

Nataka kukaa kidogo kwenye mkopo huo, kwa sababu vijana wengi wa pwani wanaingizwa humo na mkataba wake hausomwi. Aliyekopa euro 11,904 kwa masharti yale atarudisha 14,400. Kila mwezi euro 992 zitaingia kwenye akaunti yake na 600 zitatoka kwa amri aliyoitia saini kabla ya kusafiri, zibaki 392. Kijana aliyesoma Kijerumani darasa moja na mpwa wangu aliikubali njia hiyo, akaondoka mapema mwaka 2025, na ameniruhusu nieleze hali yake bila kumtaja. Chumba chake ni euro 310 na bima ya afya karibu 140. Kabla hajanunua mkate, ameshapungukiwa euro 58. Hufanya kazi ghalani usiku, hupanga masanduku hadi saa tisa, na saa mbili asubuhi anatakiwa darasani kwenye hesabu za vekta kwa lugha ambayo bado anaitafsiri kichwani. Alipoanguka Feststellungsprüfung mara ya kwanza alinipigia simu, hakulia, akaniuliza tu kama najua mtu wa kumkopesha kwa ajili ya kibali, kwa sababu miezi 12 ya kwanza ikiisha akaunti itakuwa tupu, deni litakuwa na miezi 12 mingine, yaani euro 7,200, na ofisi ya wageni itataka kuona fedha upya. Ni kijana hodari. Hisabati alikuwa akimfundisha mpwa wangu.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ambayo safu mbili za daftari hazikuweza kuionyesha. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya elimu ya juu, ni deni, lakini ni deni linalosubiri: riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Deni la Sperrkonto halisubiri. Linaanza kudai mwezi uleule mwanafunzi anapofika, wakati hana kazi, hana lugha ya kutosha na hajajua hata basi la kwenda chuoni. Familia inayokopa ili kukwepa karo inakuwa imebadilisha mdai mvumilivu kwa mdai asiye na simile, na imembebesha mtoto wa miaka 19 mzigo uliokuwa wa nyumba nzima.

Kikao cha uamuzi kilifanyika Jumapili moja ya Septemba baada ya swala ya alasiri, barazani kwa dada yangu, mkeka umetandikwa na kahawa chungu ikizunguka. Baba mdogo wa binti, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Matuga. "Shikamoo baba mdogo," binti alimsalimu, naye akaitikia marahaba, akaketi, akatoa hoja yake kabla ya kikombe cha kwanza kuisha: shamba liuzwe. Alikwisha kupata mnunuzi aliyekuwa tayari kutoa shilingi milioni mbili. "Shamba halisomi," alisema. "Mtoto ndiye asomaye, na akisoma atanunua mashamba matatu." Ni hoja ya mtu anayempenda mtoto wa kaka yake, na fedha hizo zingekuwa zao wenyewe, si za mkopeshaji, kwa hiyo zilikuwa bora mara kumi kuliko za wakala.

Dada yangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nikiuza shamba, mwaka wa pili nitauza nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na binafsi naamini kwamba swali hilo ndilo mzazi yeyote anapaswa kujiuliza kabla ya lingine lolote. Mwaka wa kwanza Ujerumani hugharimiwa na kitu cha mara moja: shamba, akiba ya maisha, mchango wa jamaa. Mwaka wa pili unategemea mambo ambayo familia haiyashiki mkononi, yaani mtihani kupita, kazi kupatikana, afya kuwa nzima. Nyumba yenye watoto wengine wawili nyuma yake haiwezi kuweka kila kitu kwenye mwaka wa kwanza. Nyumba yenye mtoto mmoja, au yenye kipato cha kila mwezi kinachoweza kutuma euro 300 endapo kazi itakosekana, inaweza.

Baba mdogo alipendekeza pia Ausbildung, mafunzo ya ufundi yanayolipwa mshahara, ambayo Wakenya wengi wameyachukua katika uuguzi, na ambayo yalikuwa yakizungumzwa sana mwezi ule kwa sababu Kenya na Ujerumani zilikuwa zimetia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Kwa anayetafuta riziki na ujuzi ni njia ya heshima, na fungu la mafunzo katika fani nyingi hupita euro 1,000 kwa mwezi, hivyo suala la akaunti ya zuio kwa kawaida halipo. Mpwa wangu aliisikiliza, akaiuliza maswali mazuri kuhusu mafunzo ya fundi umeme, kisha akasema anataka kubuni mitambo, si kuifunga tu. Aliheshimiwa.

Nilipoombwa kauli yangu kama mjomba, nilisema aichukue nafasi ya hapa nyumbani, asiiache lugha, na Ujerumani iwe ya shahada ya pili. Sababu zangu zilikuwa za hesabu. Mwenye shahada ya kwanza ya Kenya haombi Studienkolleg, hivyo mwaka ule wa hatari unaondoka. Programu za shahada ya pili ni miaka miwili, nyingi katika vyuo vya umma hazina karo, na kwenye uhandisi zipo zinazofundishwa kwa Kiingereza, ingawa bila Kijerumani kazi za maana hazipatikani. DAAD, taasisi ya Ujerumani ya ufadhili wa masomo yenye ofisi Nairobi, hutoa fedha za kujikimu kwa wahitimu, wakati kwa shahada ya kwanza milango hiyo ni michache mno. Na mhandisi aliyekwisha kuhitimu anaweza kupata kazi ya muda katika fani yake badala ya ghalani, kisha baada ya shahada anaruhusiwa kukaa miezi 18 kutafuta ajira. Gharama ya kujikimu haipungui, lakini anakuwa na umri, cheti na soko la kuikabili.

Nilisema pia, na nalirudia hapa ili nisieleweke vibaya, kwamba ushauri wangu ungekuwa tofauti kama barua ingekuwa ya udaktari kwa karo ya 600,000, au kama mlango uliobaki nyumbani ungekuwa chuo cha kibinafsi, au kama shangazi angeweza kutia saini. Katika hali mbili za kwanza safu ya Kenya ingevuka shilingi milioni tatu kwa urahisi, na mwaka mmoja wa Sperrkonto ungekuwa ndio unafuu; katika ya tatu, Sperrkonto yenyewe isingehitajika. Nimemshauri mzazi mwingine wa Kisauni, mwenye mtoto mmoja na pensheni ya bandari, ampeleke mwanawe moja kwa moja, katika Studienkolleg ya umma, na sijajuta.

Binti hakukubali siku ile. Alitoka, akapanda feri na mwenzake hadi ng'ambo na kurudi, bila shughuli yoyote mjini, kama watoto wa Likoni wafanyavyo wakitaka kufikiri. Aliporudi magharibi ilikuwa imeingia. Alimwambia mama yake kwamba ataripoti chuoni, kwa sharti kwamba karo ya Kijerumani isikatwe, na kwamba shamba lisiuzwe kwa ajili ya kitu kingine chochote wakati yeye yuko masomoni. Mama alikubali masharti yote mawili mbele ya baba mdogo.

Baadaye mambo yaliendelea kutikisika nje ya uwezo wetu. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule wa ufadhili unakiuka katiba, shauri likaenda kwenye rufaa, na wazazi wakabaki wakiuliza kila muhula ni mgao upi unaotumika. Katika mwaka wa kwanza mpwa wangu alipoteza wiki tatu za masomo kwa mgomo wa wahadhiri, na wakati wa wiki hizo alinitumia ujumbe wenye maneno matatu: "Mjomba, ulisema nibaki." Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba nilikisema nilichokiona kwenye daftari, na daftari halikuwa na mstari wa migomo. Kama ningelifanya hesabu ile upya leo, ningeuongeza, kwa kuwa miaka mitano ya Kenya inaweza kuwa mitano na nusu au sita, na faida ya muda niliyoihesabu upande wetu ni ndogo kuliko nilivyodhani.

Amefaulu mtihani wa B1 na anaendelea na B2 polepole, kwa masomo ya wikendi. Dada yangu hujiwekea shilingi 9,000 kila mwezi kwenye Sacco ya wafanyakazi wa hoteli, kwa jina la mwanawe mkubwa, na kila Januari hufungua daftari lile kuangalia kama kiwango cha Sperrkonto kimebadilishwa. Shangazi wa Kassel bado husema chumba kipo.